Umepata Keja Kisii? Kabla Ununue Dekoda, Angalia Kilima Kwanza

Hatimaye umehama kwa wazazi. Umepata bedsita yako hapo Jogoo ama Nyanchwa, godoro iko, meko ya gesi iko, na ile doh kidogo ilibaki inakuwasha kwa mfuko. Kitu inafuata ni TV. Na hapo ndipo wasee wengi wa Kisii na Nyamira huchomeka.

Shida si TV yenyewe. Shida ni kile kinakuja nyuma ya TV. Unaingia duka town, unaonyeshwa dekoda imewekewa bei ya ofa, unalipa na M-Pesa, unabebana nayo kwa matatu hadi Kebirigo. Unaunganisha, unakaa chini na chai yako, na screen inakuandikia "No Signal". Unazungusha eriali kama mtu anatafuta mchawi. Bado. Ukirudi dukani unaambiwa dekoda ni mzima. Na ukweli ni kwamba dekoda kweli ni mzima. Ni kilima ndicho kimekataa.

Hii stori ni ya pesa, lakini pia ni ya nani anapata habari na nani anabaki gizani. Wacha tuivunje polepole.

Tulifikaje hapa

Kabla ya 2015 mambo yalikuwa rahisi. Ile Great Wall ya sebuleni kwa mbuyu ilikuwa inashika na waya wowote, hata hanger. Picha ilikuwa na chenga, sawa, lakini uliona mechi na ulisikia habari.

Halafu dunia ikaweka deadline. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilikuwa limepanga nchi zetu zihame kutoka analojia hadi dijitali kufikia 17 Juni 2015. Kenya ikaanza kuzima. Royal Media, Nation na Standard walikuwa kwa korti wakipigania leseni yao ya kurusha mawimbi na muda zaidi, na pia hawakutaka kampuni za kulipia zibebe chaneli zao bila ruhusa. Mamlaka ya Mawasiliano, CA, ikazima mitambo yao ya analojia Februari 2015. Citizen, NTV na KTN zikapotea hewani kwa karibu wiki 3.

Somo la hiyo vita lilikuwa moja: chaneli ni ya mtu, lakini barabara inayoileta kwako ni ya mtu mwingine. Tangu hapo, chaneli za bure zinapanda "matatu" za kampuni za kusambaza mawimbi, kama Signet ya KBC na ADN ya hao wakubwa watatu. Wewe ukinunua dekoda, hununui chaneli. Unanunua kiti kwa hiyo matatu. Swali ni kama matatu inapita kwenu.

Kilima ndio bosi

Mawimbi ya TV ya bure husafiri kwa UHF, na UHF hutembea kama tochi. Inamulika mbele, haipindi kona vizuri. Mahali inagonga mlima, nyuma yake kuna kivuli. Sasa angalia kwetu: Manga, Kiabonyoru, Sameta, Nyanchwa. Gusii yote ni kupanda na kushuka. Msee wa juu ya ridge anashika chaneli mpaka anachagua. Jirani yake wa kule chini kwa mto, mwendo wa dakika 10 kwa mguu, hapati kitu.

Ndio maana ushauri wa beshte yako wa Nairobi haukusaidii. Hata ushauri wa binamu yako wa Keroka unaweza kukupoteza, na Keroka yenyewe iko nusu Kisii nusu Nyamira. Mtu wa kuuliza ni jirani wa ploti yenu. Kabla hujalipa chochote, simama nje uangalie paa za hapo. Kama eriali zimejaa na zote zimeelekea upande mmoja, mawimbi yako na unajua yanatoka wapi. Kama kila nyumba ina dishi na hakuna eriali hata moja, watu wa hapo walishajaribu wakachoka.

Na hapa kuna mtego ambao wauzaji wengi hawakuambii: GOtv pia inatumia eriali. Si satelaiti. Kwa hivyo kama kilima kimezuia chaneli za bure, kuna uwezekano mkubwa kitazuia GOtv pia. StarTimes wana aina mbili, ya eriali na ya dishi, na sanduku zake zinafanana kwa mtu ambaye hajui. Uliza ni gani kabla ya kutoa pesa.

Dishi haliogopi mlima

Dishi ni mchezo tofauti. Satelaiti za TV ziko juu ya ikweta, na Kisii iko chini kidogo tu ya ikweta. DStv inarusha kutoka satelaiti iliyo nyuzi 36 mashariki, na Kisii iko karibu nyuzi 35. Maana yake ni kwamba hiyo satelaiti iko karibu juu ya kichwa chako. Dishi linaangalia mawinguni, halina haja na Manga. Azam yuko upande wa magharibi zaidi, lakini bado juu sana kuliko kilima chochote cha kwetu.

Adui wa dishi ni mvua. Na sisi tunaijua mvua. Ile ya saa tisa alasiri ikishuka kwa nguvu, picha inaganda, inarudi, inaganda tena. Fundi akilenga dishi vizuri na akiweka kebo safi, inapungua, lakini haiishi. Kama mtu anakuambia dishi lake halisumbuki hata radi ikipiga, huyo anakuuzia.

Piga hesabu ya mwaka, si ya leo

Dekoda ni bei rahisi kwa sababu faida haiko hapo. Iko kwa kifurushi cha kila mwezi. Chukua mfano tu: kifurushi cha 900 bob kwa mwezi ni 10,800 kwa mwaka. Kama rent yako ni 5,000, umeshalipia TV zaidi ya miezi miwili ya nyumba. Na wewe saa zote uko job, unarudi saa mbili usiku, unaona habari na kipindi kimoja, unalala.

Kwa hivyo jiulize unaona nini kwa ukweli. Kama ni habari, vipindi vya Citizen na mechi za hapa na pale, chaneli za bure zinakutosha. Kama ni EPL kila wikendi, hiyo ni SuperSport, na utalipa. Lakini hakuna sheria inasema ulipe miezi 12. Ligi ikifungwa Mei, acha kulipa. Agosti rudi.

Kama wewe ni damu ya Shabana, hesabu ni nyingine. Tore Bobe walirudi ligi kuu 2023 baada ya miaka 17 nje, na mwaka huo huo FKF ikasaini na Azam TV mkataba wa miaka 7 wa kuonyesha ligi. Sasa wazia msee amelipia kifurushi cha mpira wa Ulaya kwa kampuni nyingine, halafu Shabana wako ugenini na yeye anasoma matokeo kwa simu. Mpira hufuata mkataba. Kabla ununue sanduku, uliza haki za ligi unayopenda ziko kwa nani msimu huu.

Swali lingine la kuuliza muuzaji: kifurushi kikiisha, chaneli za bure zinabaki? Usikubali jibu la mdomo. Mwambie akuwashie dekoda ambayo haijalipiwa, uone kwa macho yako.

Na simu je?

Kuna wale wanasema TV ilikufa, sisi ni bando tu. Sawa, lakini Netflix wenyewe wanasema picha ya kawaida inakula hadi GB 1 kwa saa, na HD hadi GB 3. Mechi moja ya HD inaweza kumeza GB 6. Kama una fibre kwa ploti na mnagawana bili, poa. Kama unategemea bando ya simu, hiyo ni TV ghali kuliko zote.

Lakini usitupe simu pia. 25 Juni 2025, siku ya kukumbuka mwaka mmoja tangu vijana waingie Bunge, CA iliagiza vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja. NTV na KTN zikazimwa hewani. Watu waliokuwa na TV peke yake walibaki wakiangalia screen nyeusi. Wenye bando walihamia live za YouTube na TikTok. Baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha hilo agizo, na mawimbi yakarudi. Na haikuwa mara ya kwanza: Januari 2018, siku Raila alijiapisha Uhuru Park, Citizen, NTV na KTN zilizimwa pia.

Hapo ndipo hii stori inaacha kuwa ya starehe. Mathee wa kule bondeni Nyamira, ambaye eriali haishiki na hana doh ya kifurushi, alizimwa na kilima kabla serikali haijafika kwa mtambo. Dijitali tuliambiwa italeta picha safi kwa kila mtu. Picha ni safi, ndiyo. "Kila mtu" ndiyo bado tunangoja.

Basi ununue nini?

Anza na TV yenyewe. Usidanganywe na neno "dijitali" kwa sanduku. Tafuta maandishi DVB-T2. Kama yako, dekoda ya chaneli za bure iko ndani tayari na huhitaji kununua nyingine. Kama hayako, hiyo ni screen tu, na bei ishuke.

Pili, weka pesa kwa eriali ya nje na kebo nzuri, si ile ya ndani ya kubandika dirishani. Iweke juu kabisa, iangalie upande eriali za majirani zinaangalia. Mkiwa ploti ya nyumba 8, changeni. Eriali moja nzuri kwa mlingoti mrefu inaweza kugawiwa nyumba zote, na kila mtu achague chaneli yake. Dishi la kulipia haliendi hivyo, kila mtu anahitaji dekoda yake na waya wake kutoka juu.

Tatu, kaa nayo mwezi mzima kabla ya kununua kitu kingine. Ukishinda mwezi bila kukosa kitu, umeokoa pesa ya mwaka. Kama eriali imekataa kabisa kwa sababu uko bondeni, sasa nenda kwa dishi bila kujilaumu, na uchague kampuni kwa mpira unaopenda, si kwa rangi ya tangazo.

Na weka bando kidogo kando kila mwezi. Si ya series. Ni ya ile siku TV itakuwa nyeusi na wewe utataka kujua nchi inaenda wapi.

Fundi akikuja Jumamosi, panda paa na yeye. Uliza analenga wapi na kwa nini. Siku upepo utageuza hiyo eriali saa tatu usiku, dakika 5 kabla ya mechi, hautakuwa na doh ya kumwita tena.