Kisanduku cha mezani hakina kosa

Mhasibu anabofya, kishale kinazunguka, ukurasa unajichora vipande vipande. Lawama ya kwanza huangukia intaneti, ya pili kile kisanduku kidogo kilicho nyuma ya skrini. Mara nyingi vyote viwili vinaonewa.

Katika mpangilio wa awali wa LTSP (Linux Terminal Server Project), mradi ulioanza mwaka 1999 wa kuunganisha visanduku kama hicho na seva moja, kivinjari hakiendeshwi mezani kabisa. Kinaendeshwa kwenye seva; mezani inafika picha tu. Wafanyakazi 20 wakifungua kurasa 10 kila mmoja, ni kurasa 200 zinazogombea memori ya mashine moja. Ikijaa, seva huanza kuhamishia kazi kwenye diski, na hapo hata anayeandika barua anaona herufi zinachelewa.

Video ndiyo balaa zaidi. Picha moja ya skrini ya 1920 kwa 1080, isipobanwa, ina takriban megabiti 50. Kebo ya megabiti 100 kwa sekunde hupitisha mbili tu kwa sekunde, ilhali video huhitaji 25 hadi 30! Matangazo yanayochezacheza pembeni nayo hula njia hiyohiyo, ndiyo maana kuyazuia huleta nafuu ya haraka kuliko watu wanavyodhani.

Basi fundi asikimbilie kuagiza vifaa vipya. Aingie kwenye seva saa nne asubuhi, ofisi ikiwa imejaa, aandike amri ya top, aone memori iliyobaki na nani anaila.