Mtoto Anayeziba Masikio

Wapendwa, ninaandika kwa uchungu, tena kwa toba. Mtoto mwenye usonji anapoziba masikio na kupiga kelele ibadani, wengine wetu husema pepo amekataa Neno. Anachokataa ni spika! Usonji ni namna ubongo wake ulivyokua tangu mwanzo. Sauti ambayo kwako ni shangwe, kwake yaweza kuwa maumivu. Nasi tunamzunguka, tunamshika kichwa, tunakemea kwa sauti kubwa zaidi. Mama mmoja aliniambia, “Mchungaji, mmemwombea mara nne, na kila mara anarudi nyumbani akijing'ata mikono.” Kati ya hao waliomwombea, mimi nilikuwamo.

Je, tusimwombee? Mwombeeni, kwa upole, mama yake akiwa amemshika. Na mafundi wetu wapunguze sauti.

Halafu liko suala la kipaimara. Tulimbatiza akiwa na miezi 3, hawezi kutamka hata “amina”, tukahubiri kwamba ni neema tupu. Sasa ana miaka 14, tunamzuia Meza ya Bwana kwa kuwa hakukariri Katekisimo Ndogo. Luther aliitoa mwaka 1529 ili wazazi wafundishe nyumbani. Sisi tumeifanya geti. Neema iliisha lini? Niliuliza hivyo mbele ya wazee wa kanisa, nikajibiwa kwamba utaratibu ni utaratibu. Jumapili iliyopita wenzake walikwenda madhabahuni. Yeye alibaki benchi la nyuma na mama yake.