WATU NA KAZI ZAO: Bibi Joan Root, Msimamizi wa Picha za Senema

Chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Watu watazamapo picha za senema humsifu yule aonekanaye mbele yao, na pengine humkumbuka yule aliyeshika kamera. Lakini ni wachache waulizao: Ni nani aliyehesabu madebe ya petroli? Ni nani aliyehakikisha kuwa chakula kitatosha mpaka mwisho wa safari? Ni nani aliyezitunza kanda za picha zisiharibiwe na jua na vumbi? Kazi hiyo nayo ina mwenyewe, na katika nchi ya Kenya mmoja wa walioifanya kwa miaka mingi na kwa ustadi alikuwa Bibi Joan Root.

Bibi huyo alizaliwa Nairobi mwaka 1936, akalelewa katika shamba la kahawa. Baba yake, Bwana Edmund Thorpe, aliwapeleka wageni porini wapate kupiga picha za wanyama, na kwake binti alijifunza namna safari iandaliwavyo. Mwaka 1961 aliolewa na Bwana Alan Root, mpiga picha hodari, na kwa muda wa miaka ishirini hivi walifanya kazi pamoja. Picha zao zilionyeshwa katika televisheni ya Uingereza, katika mfululizo ulioitwa Survival, kisha zikaenea katika nchi nyingi.

Mara nyingi hawakuwa na kundi kubwa la wafanyakazi, bali wao wawili tu na wasaidizi wachache. Bwana alikuwa mtu wa maneno mengi na mawazo mapya kila siku; Bibi alikuwa mtulivu, mwenye haya, asiyesahau kitu. Bwana alipiga picha. Bibi aliandaa magari, hema, chakula na dawa, akalea wanyama wadogo waliopotewa na mama zao, na ilipohitajiwa akaingia hatarini pamoja na mumewe.

Wenyeji wa Taita na Taveta wana sababu yao wenyewe ya kulikumbuka jina lake. Chemchemi ya Mzima imo katika Mbuga ya Tsavo Magharibi. Mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu huzama katika mawe yaliyotokana na moto wa ardhi, ikapita chini kwa chini, ikatokea Mzima ikiwa maji safi kama kioo. Na sehemu ya maji hayo hupelekwa kwa bomba mpaka Mombasa tangu miaka ya 1950. Bwana na Bibi Root walizama humo na kamera yao, wakapiga picha za viboko watembeao chini ya maji. Picha hiyo, Mzima: Portrait of a Spring, ilitolewa mwaka 1972. Ilionyesha jinsi kiboko alavyo nyasi usiku katika nchi kavu, akarudi majini mchana. Mavi yake yakawa chakula cha wadudu na samaki, na samaki wakawa chakula cha ndege na mamba. Mkulima ajuaye thamani ya samadi hatalistaajabia jambo hilo.

Lakini picha hazikupatikana bure. Siku moja, walipokuwa chini ya maji hapo Mzima, kiboko aliwashambulia. Jino lake lilivunja kioo alichovaa Bibi usoni, karibu kabisa na jicho, naye akasalimika. Kisha kiboko akamwuma Bwana mguuni, akamtia jeraha kubwa.

Tena, mtu asimamaye Bomeni, mjini Taveta, asubuhi isiyo na mawingu, huuona Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895. Hao wawili ndio waliokuwa wa kwanza kupita juu ya mlima huo kwa puto la hewa ya moto, wakashukia upande wa Tanzania. Safari zao za puto zilionyeshwa katika picha ya mwaka 1975.

Mwaka 1978 ilitolewa picha yao ya mchwa na vichuguu, Mysterious Castles of Clay, ambayo maelezo yake yalisomwa na Orson Welles, mwigizaji mashuhuri wa Marekani. Picha hiyo iliteuliwa kushindania tuzo ya Oscar. Haikushinda, lakini mdudu ambaye mkulima humlaani kila alapo nguzo za nyumba alitazamwa kwa heshima na watu wa ng'ambo.

Katika miaka ya 1980 ndoa yao ilivunjika. Bibi alibaki katika shamba lake kando ya ziwa la Naivasha, akaielekeza bidii yake kwenye kulilinda ziwa. Samaki walikuwa wakivuliwa kwa nyavu za matundu madogo, hata wachanga wasiachwe wakue. Aliligharimia kundi la walinzi, baadhi yao wakiwa wenyewe wavuvi haramu wa zamani. Wako waliomshukuru, na wako waliomchukia, kwa maana wavu uliotwaliwa ulikuwa riziki ya nyumba ya mtu. Usiku wa tarehe 13 Januari 2006 watu wenye bunduki walimwua nyumbani kwake, zikiwa zimesalia siku chache atimize miaka 70. Watu wanne walishtakiwa, na mahakama ikawaachilia.

Bwana Root alifariki mwaka 2017. Picha zao zimebaki, na katika kila moja mna kazi ya mikono miwili isiyoonekana. Karani aandikaye daftari la ghala, na mama apimaye mbegu kabla ya mvua, wataielewa kazi hiyo kuliko wengi. Atazamaye kiboko akitembea chini ya maji ya Mzima na amkumbuke pia yule aliyehakikisha kuwa kamera imefika pale ikiwa kavu.