"Funzo ni Nini?" Swali Linaloua Riwaya

Nimefundisha fasihi ya Kiswahili katika Nyanda za Juu Kusini kwa muda mrefu, kwanza Iringa, na sasa Mbeya. Katika muda huo nimesahihisha insha za riwaya zisizohesabika, na karibu zote zimetoka katika kalibu moja. Dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa. Kisha mwishoni sentensi ileile: "Mwandishi anatufundisha kwamba…" Mwanafunzi hukamilisha nukta zile kwa methali, nami humpa alama. Leo nataka kukiri kwamba alama hizo nyingine nilizitoa kwa kosa, na kosa si la mwanafunzi. Ni letu sisi tuliomzoeza kuuliza swali moja tu kila afunguapo kitabu: funzo ni nini?

Nasema swali hilo linaua riwaya. Nitaanza hoja yangu mbali, Marekani, kisha nitairudisha nyumbani.

Frank Norris alizaliwa Chicago mwaka 1870 na kufa San Francisco mwaka 1902, akiwa na miaka 32 tu. Alikwenda Paris kujifunza uchoraji, akasoma California na Harvard, akafika hata Afrika Kusini kama mwandishi wa habari. Mwalimu wake wa kalamu alikuwa Mfaransa Émile Zola, na mkondo wao ndio tunaouita uasilia: kumtazama binadamu kama kiumbe anayesukumwa na damu aliyoirithi, mahali alipozaliwa, njaa, fedha na nguvu zilizo kubwa kuliko nia yake. Katika McTeague (1899) anamchukua mtu wa kawaida, mng'oa meno wa mtaani, anamshusha ngazi baada ya ngazi mpaka jangwani, akiwa amefungwa pingu na maiti. Katika The Octopus (1901) anawachukua wakulima wa ngano wa California wanaopambana na kampuni ya reli juu ya ardhi. Kisa hicho kilikuwa na mzizi wa kweli. Tarehe 11 Mei 1880, mahali paitwapo Mussel Slough, wakulima na watu wa upande wa reli walipigana risasi, wakafa watu saba.

Katika riwaya hiyo yumo mshairi, Presley. Anakwenda mashambani akitaka kutunga utenzi mkubwa na mzuri wa nchi ya Magharibi, lakini wakulima wanamkera kwa habari zao za nauli za reli na bei za ngano. Anayaona mambo hayo machafu, hayafai kutiwa katika ushairi. Baadaye ndipo anapotambua kwamba alichokuwa akikipuuza ndicho kilichokuwa utenzi wenyewe.

Najua jibu nitakalopewa, kwa maana nimeshalisikia katika vikao vya waandishi hapa Mbeya: "Ngano ya California yatuhusu nini sisi?" Basi twendeni Isimani.

Isimani iko kaskazini ya mji wa Iringa, katika barabara iendayo Dodoma. Baada ya Vita Vikuu vya Pili watu waliifyeka ikawa nchi ya mahindi, yakaja matrekta, wakatokea wakulima wakubwa na vibarua wao. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na baada yake juhudi ya kuyageuza mashamba yale kuwa ya vijiji vya Ujamaa. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Klerruu, alifika katika shamba la Saidi Mwamwindi. Yakazuka maneno. Mwamwindi akampiga risasi akamuua, akapakia maiti katika gari, akaendesha mwenyewe hadi polisi mjini Iringa, akajisalimisha. Mahakama ilipima hata kama akili yake ilikuwa timamu, na mwisho akahukumiwa kunyongwa. Jina la Klerruu limebaki katika chuo cha ualimu mjini Iringa. Jina la Mwamwindi limebaki katika midomo ya watu.

Nami huisikia midomo hiyo. Darasani nimepata kuwa na vijana ambao babu zao walikuwa na mashamba Isimani, na wengine ambao babu zao walikuwa vibarua katika mashamba hayohayo. Nikiwauliza habari ya kisa hiki, hawasimulii, wanahukumu. Huyu asema Klerruu ni shahidi wa wanyonge, yule asema Mwamwindi ni shujaa wa jasho lake. Kila mmoja ana funzo lake tayari, na hakuna anayeuliza ilikuwaje. Udongo ulikuwa umechoka kiasi gani? Nani alikuwa na deni la trekta? Kibarua alilipwa nini jioni ile, akala nini? Kiongozi msomi anaamkaje siku ya sikukuu na kwenda shambani kwa mtu? Maswali hayo ndiyo kazi ya riwaya. Mahakama hutafuta mwenye hatia, nayo siasa hutafuta shujaa. Riwaya peke yake ndiyo inayoweza kuwabeba wote wawili, aliyeua na aliyeuawa, bila kumtupa mmoja.

Msiniambie kwamba Kiswahili hakina kalamu ya namna hiyo. Tunayo, nasi tumeifundisha vibaya. Miaka minne tu baada ya Isimani, mwaka 1975, Euphrase Kezilahabi alitoa Dunia Uwanja wa Fujo. Humo Tumaini anatapanya mali, anajijenga upya kwa kilimo, kisha anampiga risasi kiongozi katika vurumai la kuingia Ujamaa, na anakufa kwa kitanzi. Ni vigumu mtu wa Iringa kuisoma asiikumbuke Krismasi ile. Lakini sisi walimu tumeandika nini ubaoni? "Funzo: tusiwe wabinafsi." Kwa Rosa Mistika (1971), riwaya iliyopata kupigwa marufuku shuleni, tunaandika: "Wazazi wasiwe wakali mno." Binti mzima na maisha yake yote yaliyovunjika tumewageuza onyo la ubaoni!

Na hapa kwetu, Claude Mung'ong'o aliandika Mirathi ya Hatari (1977), ambamo kijana msomi anarithishwa uchawi na baba yake. Litazameni neno hilo: mirathi. Kile ambacho Zola na Norris walikitafuta katika damu, yeye alikiona katika urithi wa nyumba, katika kitu ambacho mtoto hakukiomba na hawezi kukikataa. Anayejumlisha kitabu hicho kwa kusema "uchawi ni mbaya" amefunga mlango kabla hajaingia.

Sisemi Norris ni wa kuigwa kwa kila jambo. Aliwadharau watu wa mataifa mengine kwa namna inayochukiza. Tena mwishoni mwa The Octopus anashindwa kuvumilia alichokwisha kukiona, anatuambia kwamba yote hatimaye huishia katika heri, kwa kuwa ngano imesalimika na itawalisha wenye njaa India. Hapo naye aliuliza funzo ni nini, na hapo ndipo kitabu chake kinapodhoofika. Kosa lake linanihakikishia hoja yangu.

Wala jambo hili si la zamani. Shukeni Uyole kwenda Chimala na Igawa, muitazame Usangu: mpunga, ng'ombe, mashamba makubwa, hifadhi. Tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa na mifugo yao, na mwaka 2008 Hifadhi ya Ruaha ikapanuliwa. Mkulima anamlaumu mfugaji, mfugaji anailaumu serikali, na wenye umeme wa Mtera wanawalaumu wote. Kila upande una funzo lake. Anakosekana wa kukaa ukingoni mwa mfereji mwaka mzima, akatazama.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, nawaomba jambo moja. Mwakani, kabla ya kuuliza ujumbe, muulizeni mwanafunzi: "Umeona nini?" Mwacheni ajibu kwa ukurasa mzima. Mimi nimeamua kufanya hivyo, hata kama kalibu ya mtihani itaninyima usingizi. Na kwa kuwa hapa ni nyumbani kwa washairi, nawaachia ubeti:

Kalamu usiogope, bondeni nenda simama,
Mpunga una mapepe, na ghala lina lawama,
Mguu uwe na tope, ndipo uandike jema,
Macho kwanza yatazame, hukumu na ije nyuma.