Asiye na Mjomba Ofisini, Barua Ndiyo Mjomba Wake



Kila tunaporudi likizo Mbesa, baada ya Misa ya Jumapili vijana wenzetu walio vyuoni hutufuata na simu zao. Wanatafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo, yaani fildi, na wanalalamika kuwa hawajibiwi. Tukisoma walichotuma, mara nyingi tunakuta mstari mmoja: "Mambo, hapo kwenu nafasi za fildi zipo?" Hakuna jina wala chuo, na ujumbe umetumwa saa tano usiku.

Tusiwacheke. Hata mmoja wetu aliwahi kunakili barua ya rafiki yake akasahau kubadili jina la ofisi. Hakujibiwa.

Wapo wanaosema barua ni kupoteza muda, kwa kuwa nafasi hupewa wenye ndugu. Upendeleo upo, hatukatai. Lakini mwenye mjomba ofisini hupigiwa simu na mjomba. Mtoto wa mkulima wa korosho hana wa kumtangulia. Barua yake ndiyo inayobisha hodi kwa niaba yake. Akiiandika ovyo, amejinyima msemaji pekee aliye naye.

Katika Biblia tunayo barua ya maombi: Waraka wa Mtakatifu Paulo kwa Filemoni, wenye aya 25 tu. Paulo yuko kifungoni, anamwombea Onesimo. Anasalimu kwanza, anashukuru kwa mema ya Filemoni, kisha anasema wazi anachoomba. Angeweza kuamuru, lakini anaomba, na uamuzi anamwachia Filemoni. Hajidhalilishi wala halazimishi. Katika falsafa tunajifunza kwa Kant kwamba mtu asitumiwe kama chombo tu. Salamu na jina la anayeandikiwa ni njia ndogo ya kuliishi hilo.

Basi tuandike hivi. Anwani na tarehe ziwepo. Chini ya "YAH:" tutaje ombi lenyewe. Tuseme sisi ni nani, tunasoma nini, chuo gani, mwaka wa ngapi, na tunaomba kuanzia lini hadi lini. Tuambatanishe barua ya utambulisho ya chuo. Kama ni barua pepe, tusitume kiambatanisho kitupu bila neno la salamu, na anwani yetu iwe na jina letu, si jina la utani. Tukipiga simu, iwe saa za kazi, tujitambulishe kabla ya kuuliza. Wiki mbili zikipita kimya, tukumbushe kwa upole. Tukikataliwa, tushukuru. Na tusijisifie ujuzi tusio nao; uongo wa kwenye wasifu hufichuka siku ya kwanza kazini.

Lakini adabu ni ya pande mbili. Waamini wenye ofisi, na sisi tutakaokuwa maparoko, tukumbuke kwamba nyuma ya barua kuna mzazi anayehesabu nauli ya Songea na chuo kilichoweka tarehe ya mwisho. Jibu la "hapana" humwezesha kijana kuomba kwingine mapema. Ukimya humfungia njia zote. Tukidai vijana wabishe hodi kwa heshima, basi nasi tuitikie, hata kama nafasi hakuna.