Nani Alimpa Nani Lami?

Kuna neno limenichosha masikio: kwamba Serikali "iliwapa" watu wa kaskazini barabara, kwa hiyo washukuru.

Washukuru nini? Msomaji na ahesabu pamoja nami. Uhuru tuliupata 1963. Lami iliyotoka Nairobi ilikoma Isiolo, ikaachwa hapo zaidi ya miaka 40. Kazi ya kuifikisha Moyale, mpakani mwa Ethiopia, ilimalizika karibu na mwaka 2017. Haikuwa bahati mbaya. Mkoloni aliifunga nchi ile, mtu haingii wala hatoki bila kibali. Kisha sisi wenyewe tukaja na Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965, uliotaka fedha za maendeleo ziende kule zitakakozaa zaidi. Ng'ombe wa Marsabit hawakuhesabiwa kuwa mazao, ingawa nyama yao tuliila Nairobi.

Mwaka juzi mwanangu alikodi gari lenye vitanda na jiko ndani, tukaishika njia hiyo, kilomita 500 hivi kutoka Isiolo. (Kulala garini kwa umri wangu ni adhabu, lakini hilo tuliache.) Tuliuona mlima Ololokwe, tukapika chai Laisamis, tukalala Marsabit penye ukungu, kisha tukaikata Dida Galgalu, mawe meusi hadi upeo wa macho, gari likienda kama juu ya mkeka. Wenzangu walisifu mandhari. Mimi niliwakumbuka wanafunzi wangu.

Niliongoza chuo cha ualimu. Kila muhula vijana wa Moyale walifika wamechelewa, wekundu kwa vumbi, baada ya siku tatu juu ya malori ya mifugo, wameshikilia vyuma, ng'ombe chini ya miguu yao. Kanuni ilitaka watozwe faini. Sikumtoza hata mmoja, nikaandikiwa barua na wakubwa nijieleze. Nilijibu kwamba iliyochelewa ni barabara.

Wanasema fedha hazikuwapo. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri alindwe Ahmed, ndovu wa Marsabit mwenye pembe kubwa, na askari wakamlinda usiku na mchana hadi alipokufa 1974. Simwonei marehemu wivu. Lakini nchi iliyompata mlinzi wa ndovu ilishindwaje kupata njia ya kumfikisha mama mjamzito wa Turbi hospitalini?

Na hata leo tazama jinsi barabara zinavyopatikana. Ile ya kutoka Laisamis kuelekea Ziwa Turkana, zaidi ya kilomita 200, ilikuwa mawe na mchanga miaka nenda miaka rudi. Ikatengenezwa pale mitambo 365 ya umeme wa upepo ilipohitaji kupita. Sijasikia mtu yeyote akiiambia mitambo ile ishukuru.