Vitamini B na usahaulifu wa wazee: Tembe si jibu kwa kila mtu

MZEE anapoanza kusahau, jamaa husema ni umri na mambo huishia hapo. Huenda wakawa wamesema kweli. Tatizo ni kwamba kauli hiyo humnyima mgonjwa nafasi ya kupimwa damu.

Kiini cha mjadala ni homosisteini, asidi amino ambayo mwili huiunda kutokana na protini inayoliwa. Vitamini B12, B6 na asidi ya foliki huusaidia mwili kuigeuza. Zinapopungua, homosisteini hurundikana katika damu, na tafiti zimehusisha hali hiyo na kudhoofika kwa akili uzeeni.

Mwaka wa 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, akiwemo Profesa David Smith, walichapisha matokeo ya jaribio la VITACOG. Watu wa miaka 70 na zaidi, ambao kumbukumbu zao zilikuwa zimeanza kufifia, waligawanywa katika makundi mawili. Kwa miaka miwili, kundi moja lilimeza vitamini hizo kwa kiwango kikubwa na jingine tembe zisizo na dawa. Picha za ubongo za watu 168 zilionyesha kwamba ubongo wa waliopata vitamini ulisinyaa kwa asilimia 0.76 kwa mwaka, ilhali wa wenzao ulisinyaa kwa asilimia 1.08. Nafuu ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokuwa na homosisteini nyingi tangu mwanzo.

Hata hivyo, mnamo 2014, Robert Clarke wa chuo hicho hicho na wenzake walijumlisha majaribio 11 ya watu wapatao 22,000, wasione manufaa kwa akili. Smith na wenzake walipinga wakisema wengi wa watu hao hawakuwa wameanza kusahau. Hoja hiyo ina uzito, kwani huwezi kupima njaa kwa kuwalisha walioshiba. Lakini VITACOG nayo ilikuwa ndogo mno kuamua suala zito kama hili.

Lisilobishaniwa ni madhara ya upungufu wa B12. Vitamini hii hupatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa, lakini tumbo la mzee huweza kushindwa kuifyonza hata akila vizuri. Wagonjwa wa kisukari waliotumia metfomini kwa miaka mingi pia wamo hatarini. Kwao, kujinunulia asidi ya foliki pekee bila kupimwa ni kucheza na moto: tembe hizo huweza kuondoa upungufu wa damu na hivyo kuuficha ule wa B12, huku neva zikiendelea kuharibika. Matibabu yakichelewa, madhara hayo huweza kuwa ya kudumu.